Tindikali si usafi: rimu za gari la bi harusi zinataka kinga, si mkorogo



Leo hatuji na hina, hatuji na singo, wala hatuji na mshono mpya wa shela. Leo tunakuja na rimu za gari. Ndiyo, rimu. Kaa vizuri, shoga, maana tuna maneno, na mengine yatauma.

Nenda kwenye uwanja wowote wa kuoshea magari siku moja kabla ya harusi. Utakuta gari la bi harusi limesimama, kijana kachuchumaa pembeni ya tairi, mkononi ana chupa ya soda iliyotobolewa kizibo. Ndani yake kuna maji yasiyo na jina. Ukiuliza ni nini, unajibiwa "dawa ya rimu." Anamiminia, rimu inatoa povu na mvuke, harufu inapanda puani, na ndani ya dakika mbili weusi wote umekwenda. Kamati ya harusi inapiga makofi. Gari linang'aa!

Sisi tunasema hilo si kung'aa. Hilo ni kuchunwa ngozi. Na tunaomba likome.

Kwa nini sisi, na kwa nini hapa

Tuko Masasi. Tunashona nguo za harusi, tunapamba kumbi, na tuna magari yanayobeba maharusi: Masasi mjini, Ndanda, Nachingwea, na juu kule uwandani, Newala na Tandahimba. Magari tumeyanunua kwa pesa ya cherehani, pindo kwa pindo. Kwa hiyo mtu akituambia "rimu ni mambo ya wanaume," tunacheka tu. Anayelipa rimu mpya ni nani? Anayelia shela likiingia doa ni nani? Anayekaa kiti cha nyuma gari likishuka mteremko wa Newala ni nani? Ni mwanamke, mara zote tatu.

Basi hili ni jambo letu. Na tutalieleza kwa lugha yetu ya jikoni na ya kitambaa, ili siku nyingine mtu asikudanganye.

Weusi ule ni nini hasa?

Wengi wanadhani ni vumbi la barabarani. Siyo. Vumbi letu la Masasi ni jekundu, kila mtu anayefua nguo nyeupe huku analijua. Hilo ukilimwagia maji linaondoka. Weusi unaong'ang'ania rimu, hasa rimu za mbele, ni vumbi la breki.

Kila dereva anapokanyaga breki, pedi mbili zinaibana diski ya chuma iliyo nyuma ya rimu. (Usicheke, shoga, ndivyo zinavyoitwa, pedi.) Kubanana huko kunasaga pedi na kunasaga diski. Unga unaotoka una masizi, una gundi iliyounguzwa na joto, na una chembe nyingi za chuma. Chembe hizo zinaruka zikiwa za moto na kujipachika kwenye ile rangi ya juu inayong'aa, ambayo mafundi rangi wanaiita klia. Zikipata unyevu zinashika kutu. Ndiyo maana rimu iliyoachwa muda mrefu inatoa vidoa vya kahawia hata baada ya kuoshwa.

Rimu za mbele zinachafuka zaidi kwa sababu gari likifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, na breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. Na gari linaloshuka kutoka uwandani linasaga pedi kuliko gari linalozunguka mjini Masasi. Juu ya mteremko ule diski inaweza kupita nyuzi 300 za joto. Sasa fikiria msafara wa harusi: magari yamefuatana karibu karibu, mpiga video anataka kila mtu apunguze mwendo, breki zinakanyagwa kila baada ya hatua mbili. Gari lililotoka kwetu asubuhi likiwa jeupe linafika ukumbini na soksi nyeusi.

Msidhani vumbi hili ni kero yetu peke yetu wenye magari ya harusi. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni zinazoitwa Euro 7, na kwa mara ya kwanza ziliweka kikomo cha vumbi la breki ambalo gari jipya linaruhusiwa kutoa, kwa sababu watu wanalivuta. Wenzetu wamelitungia sheria. Sisi bado tunalipuliza kwa upepo wa kompresa usoni mwa kijana anayeosha.

Rimu na sufuria ni ndugu

Rimu za spoti, hizi za aloi zinazokuja na Harrier, Crown na Alphard kutoka Japani, si chuma cha kawaida. Ni aluminiamu iliyochanganywa na madini mengine kidogo. Sasa wewe mwenye jiko lako, aluminiamu unaijua. Ni sufuria yako.

Umewahi kuchemsha magadi kwenye sufuria mpya? Inageuka nyeusi. Umewahi kusugua sufuria kwa ndimu? Inang'aa ghafla. Hiyo ni habari nzima ya rimu. Aluminiamu ina utando mwembamba sana inaojifunika wenyewe, na utando huo ndio stara yake. Tindikali kali inaula. Sabuni yenye kostiki nyingi nayo inaula. Ndimu kidogo kwenye sufuria haina neno, lakini maji ya betri na dawa ya kusafishia choo si ndimu. Vinapita kwenye mikwaruzo ya klia, vinaingia chini yake, na kuanzia hapo klia inainuka kama ngozi ya kitunguu. Mwezi wa kwanza unaona ukungu mweupe. Mwezi wa pili unaona madoa kama ramani. Baada ya hapo hakuna sabuni itakayorudisha rimu yako. Itabidi ikakwanguliwe na kupigwa rangi upya.

Na ninyi dada zetu wa Unguja na Pemba msikae mkatuonea huruma. Kwenu kuna chumvi ya bahari hewani usiku na mchana. Rimu iliyochunwa klia na ikaachwa karibu na pwani inaliwa upesi kuliko ya kwetu.

Mnakijua kitu kinachofanana na hiki. Kinaitwa mkorogo. Bi harusi anaambiwa, "wiki mbili tu utang'ara," anapakwa krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku nchini katika vipodozi, na kweli siku ya harusi anang'ara. Baada ya hapo jua linamchoma, uso unatoka mabaka. Blogu hii imewalilia sana maharusi waache mkorogo. Kwa nini basi tunaukubali kwenye gari linalombeba bi harusi yuleyule?

Mikono ya kijana

Tuje kwenye jambo zito kuliko rimu.

Yule kijana aliyechuchumaa hana glavu. Hana miwani. Ana kandambili. Kile alichoshika hakijui, na aliyempa hajui. Ikiwa ni maji ya betri, ni tindikali ya salfa, inaunguza ngozi na ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Ikiwa ni dawa ya choo yenye tindikali, mvuke wake unachoma kifua. Akiichanganya na Jik ili "iwe kali zaidi," inatoka hewa ya klorini, ambayo ni sumu. Na duniani zipo dawa za rimu zenye tindikali ya haidrofloriki, ambayo ubaya wake ni kwamba inaweza kuingia ndani ya ngozi bila maumivu makali mwanzoni, kisha ikaanza kushambulia hadi mifupa. Chupa haina jina. Atajuaje ni ipi?

Dini yetu imetufundisha kwamba hatujidhuru wala hatudhuru wengine. Somo hilo halina kipengele kinachosema "isipokuwa siku ya harusi." Hatuwezi kuomba dua ya baraka ndani ya gari ambalo kung'aa kwake kumebabua mikono ya mtoto wa mtu. Walima ni chakula cha furaha, na yule kijana naye ana haki ya kurudi nyumbani na ngozi yake.

Wenye viwanja vya kuoshea wanasema wateja ndio wanaotaka haraka. Ni kweli, na ndiyo maana maneno haya tunayaelekeza kwetu sisi wateja kwanza. Kamati inayokumbuka gari usiku wa kuamkia harusi, ikatoa noti na kusema "fanya lolote ling'ae," ndiyo iliyoshika ile chupa.

Shela halina pa kukimbilia

Hapa mafundi cherehani tunazungumza kwa uchungu. Shela refu la satini au lesi lina mkia. Bi harusi anaposhuka, mkia unapita pembeni ya tairi la nyuma. Sekunde moja tu, na pindo lina mstari mweusi.

Tumepokea shela la namna hiyo likirudi kutoka ukumbini. Wasimamizi walikimbilia Jik, wakasugua kwa nguvu zao zote. Weusi ulipungua, na siku ya pili ikaja rangi ya kahawia iliyokuwa mbaya zaidi. Ile ni kutu. Chembe za chuma zilikuwa bado ndani ya kitambaa, na Jik inaiivisha kutu badala ya kuitoa. Pindo lile lilikatwa.

Kwa hiyo shika hili, na umwambie somo wako pia. Doa la breki usilisugue. Kung'uta kwanza. Chukua selotepu, bandika na kubandua ili unga mkavu utoke. Kisha tumia sabuni laini ya vyombo na maji ya baridi, ukigonga kwa kitambaa cheupe, usisugue. Rangi ya kahawia ikibaki, ndimu na chumvi juani ndiyo dawa ya kutu tangu zama za bibi zetu, ila jaribu kwanza kwenye mkunjo wa ndani, maana satini zote hazifanani. Jik weka mbali kabisa.

Lakini dawa bora ya doa ni rimu iliyooshwa kwa usalama na kukingwa mapema. Tunarudi palepale.

Mkulima wa korosho anajua, sisi tunashindwaje?

Huku kwetu kila mtu ana mkorosho au ana mjomba mwenye mkorosho. Mikorosho ikianza kuchanua, watu wanatoka na salfa kupambana na ubwiri unga. Hakuna mkulima wa Masasi wala Newala anayesubiri maua yote yaungue ndipo aanze kupuliza. Anapuliza mapema, anarudia kwa zamu, kwa sababu anajua ugonjwa ukishatawala ua limekwisha. Kinga inakuja kabla.

Rimu ni hivyohivyo. Huwezi kulizuia vumbi la breki lisitoke. Unachoweza ni kuweka kitu katikati yake na klia, ili chembe zitue juu ya koti lako na siyo juu ya rangi. Siku ya kuosha, maji na sabuni ya kawaida vinatosha. Tindikali haina kazi tena.

Makoti yako ya namna tatu.

La kwanza ni nta. Nta nzuri ya magari mara nyingi ina karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende huko Brazil. Inapakwa kwa urahisi, inang'aa vizuri, na bei yake inavumilika. Udhaifu wake ni joto, maana karnauba inayeyuka kwenye nyuzi 80 na kitu, na rimu za mbele zinapata joto kutoka kwenye breki. Kwa gari linalopanda na kushuka uwandani, irudie kila baada ya wiki chache. Na tafadhali, usichukue nta ya nyuki ya hapa kwetu ukapaka ukidhani umeokoa pesa. Ile inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na kabla ya kuyeyuka inanata, itakukusanyia vumbi lote la Masasi.

La pili ni silanti, yaani nta ya kiwandani. Haina mng'ao wenye joto kama wa karnauba, lakini inavumilia joto vizuri zaidi na inakaa miezi kadhaa. Kwa magari ya kazi kama yetu, hili ndilo tunalolipendelea.

La tatu ni koti la keramiki. Hili limejengwa kwa silika, jamaa ya mchanga na kioo. Likipakwa inavyotakiwa linakaa mwaka au zaidi, na maji yanateleza juu yake kama juu ya jani la myugwa. Bei yake ni kubwa, na halisamehe uvivu. Uchafu wowote utakaouacha chini yake umeufungia humo. Linataka rimu iliyosafishwa hadi mwisho, kavu kabisa, na baada ya kupakwa lisiguswe na maji kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Anayekuambia anapaka keramiki dakika kumi ukisubiri, huyo anakuuzia maji ya sabuni.

Na kuna koti la nne, la uongo. Ni dizeli au oili chafu inayopakwa kwenye rimu na matairi ili ziwake. Inawaka nusu saa. Kisha inashika vumbi, inaharibu mpira, na ikirukia kwenye diski, breki zinateleza. Tukiona mtu anapaka hiyo kwenye gari lenye bi harusi tunamsimamisha hapohapo.

Fanya hivi, wiki moja kabla

Acha rimu zipoe kabisa. Gari likitoka mteremkoni usilimwagie maji ya baridi. Diski ya moto ikipigwa maji inaweza kupinda au kupasuka, na utaisikia inatetemeka mguuni kila ukifunga breki.

Mwagia maji kwanza ili vumbi lilowe. Usifute kavu, usipulize kwa kompresa. Osha kwa sabuni ya gari isiyo kali, ukitumia ndoo na sponji za rimu peke yake, maana sponji iliyogusa chembe za chuma ikienda kwenye bodi inachora mistari. Ingiza brashi laini hadi upande wa ndani wa rimu, huko ndiko uchafu unakojificha.

Chembe zilizojipachika, tumia dawa maalumu ya kutoa chuma. Utaijua kwa sababu ikigusa chuma inageuka zambarau, rimu inaonekana kama inatokwa na damu. Na harufu yake utaikumbuka, maana ni ileile ya dawa ya kalikiti saluni. Kemikali zao ni za ukoo mmoja. Ile isiyo na tindikali kali, inayosema kwenye lebo ni salama kwa rimu za aloi, ndiyo unayotaka. Vaa glavu, usiiache ikauke, suuza kwa maji mengi.

Kausha kwa kitambaa. Paka nta au silanti kidogo sana, kama unavyopaka wanja, siyo kama unavyopaka mafuta ya nazi. Acha ikauke, kisha futa mpaka kitambaa kiteleze. Rimu tu. Isiguse diski, isiguse pedi, isiguse sehemu ya tairi inayokanyaga barabara. Tumelisema hili mara moja, lisome mara tatu.

Ukibadilisha pedi, muulize fundi kama anazo za keramiki zinazolifaa gari lako. Nyingi zinatoa unga mchache na wa rangi hafifu. Na dereva akishuka kutoka Newala ashushe gia, injini imsaidie kushikilia gari, badala ya kukalia breki mteremko mzima. Hapo umepunguza moto, umepunguza vumbi, na umelinda roho za watu.

"Lakini hiyo ni israfu"

Kuna dada zetu wataguna: watu hawana ada za shule, ninyi mnapaka rimu mafuta. Tunaliheshimu swali hilo, maana israfu ni mbaya kweli. Basi tuhesabu pamoja. Kopo moja la nta linahudumia rimu mara nyingi sana. Tindikali inakula rimu nne ndani ya msimu mmoja. Kutunza ulichoruzukiwa siyo israfu. Israfu ni kukiharibu kwa haraka ya saa moja kisha ukanunua kingine.

Na kuna maji. Wanaoishi juu ya uwanda wanatuelewa bila maelezo. Makonde ni nchi ya udongo mzuri na maji ya mbali. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950 kwa sababu watu wa juu walikuwa wakishuka mabondeni kuyatafuta, na waliobeba ndoo kichwani walikuwa wanawake. Rimu yenye koti inaoshwa kwa maji kidogo. Rimu iliyokaangwa na vumbi inasuguliwa kwa ndoo baada ya ndoo. Sisi tunaofundishwa tusimwage maji ovyo hata katika udhu, tuna hoja gani ya kuyamwaga kwenye tairi?

Wengine watasema ni ria, kutaka kuonekana. Nia anaijua Mwenyezi Mungu. Lakini tunauliza: kati ya kinga inayopakwa kimya kimya wiki moja kabla, na tindikali inayomwagwa usiku wa mwisho ili majirani washangae, ipi iko karibu zaidi na ria?

Na wengine watasema, gari ni la kukodi, linanihusu nini? Linakuhusu kwa sababu ni amana. Kitu cha mtu mkononi mwako kina uzito kuliko chako. Kamati inayolipeleka gari la watu kumwagiwa tindikali, kisha ikalirudisha limetakata mbele na limeoza nyuma, imekula haki ya mwenye gari. Mwenye gari akiwa mama mjane aliyekopa kikundini, hebu fikiri.

Rimu ni shahidi, usimnyamazishe

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo linalotufanya tuandike kwa hasira.

Vumbi la breki lina habari. Rimu moja ya mbele ikiwa nyeusi kuliko mwenzake, huenda breki ya upande huo inashika na haiachii. Rimu ikiwa safi ajabu wakati mwenzake imechafuka, huenda breki ya upande huo haifanyi kazi. Weusi ukiongezeka ghafla, na ukisikia mlio wa chuma kwa chuma, pedi zimekwisha. Ukiona unyevu wa mafuta ndani ya rimu, kuna kitu kinavuja. Anayeosha rimu kwa mkono wake, taratibu, kila wiki, anayaona haya yote. Anayemwagiwa tindikali na kijana mgeni usiku wa manane haoni kitu. Anakabidhiwa gari linalong'aa na breki asiyoijua.

Barabara ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160, imeanza kujengwa kwa lami. Tunashukuru, maana tumekula vumbi miaka mingi. Lakini lami inaleta mwendo, na mwendo kwenye mteremko unataka breki. Misafara ya harusi ndiyo inayopenda mbio, honi na kupitana. Ndani ya gari la mbele kuna binti wa mtu, amejitanda, macho yamefumbwa kwa haya, hajui chochote kuhusu pedi. Amewaamini waliomtafutia gari.

Kwa hiyo, dada unayejiandaa kuolewa, na mama unayemuoza bintiyo, fungueni midomo. Mnakagua hina kama imekolea. Mnakagua pilau kama imeiva. Mnakagua kila shanga ya shela, na mafundi tunajua jinsi mnavyotusumbua. Basi kagueni na gari. Muulizeni mwenye gari: pedi zilibadilishwa lini? Rimu mnaoshea nini? Mwambieni wazi kwamba gari lenu halitamwagiwa dawa ya chupa isiyo na jina, na kijana atakayeliosha apewe glavu. Kwenye orodha ya kamati, mbele ya riboni na maua, andikeni mstari mmoja: breki zikaguliwe, rimu zikingwe, wiki moja kabla.

Na mwenye kiwanja cha kuoshea atakayesoma haya, hatukuchukii. Weka sabuni ya haki, weka glavu, weka kopo la nta, tutakulipa zaidi na tutakuletea wateja. Ila ile chupa, imwage jina lake kwanza tulisikie. Ukishindwa kuitaja jina, usiimwage kwenye gari letu.

Allah awajaalie maharusi wetu wote wafike salama, shela jeupe, breki nzima, na baraka ndani ya nyumba zao. Wabillahi tawfiq.